Popo wa Hill wa Msitu wa Nyungwe: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni kwa majirani wa Hifadhi ya Taifa ya Nyungwe, waongoza wageni, wanafunzi wa baiolojia, wachimbaji waliozoea mahandaki ya zamani, na kila aliyewahi kuuliza kwa nini watu wazima wanakesha msituni wakimtafuta mnyama anayeenea kwenye kiganja.

Popo wa Hill ni popo gani?

Ni popo mla wadudu wa jenasi Rhinolophus, yaani popo wenye kiwambo cha ngozi puani kilichopinda kama kiatu cha farasi. Jina lake la kisayansi ni Rhinolophus hilli. Mahali pekee duniani anapojulikana kuishi ni msitu wa milimani wa Nyungwe, kusini magharibi mwa Rwanda. Kwa Kinyarwanda popo ni agacurama, wakiwa wengi ni uducurama, na neno hilo halitenganishi spishi moja na nyingine. Ndiyo sababu mtu anaweza kusema kweli kabisa kwamba kwao uducurama wamejaa, na popo wa Hill akabaki mmoja wa mamalia adimu kuliko wote barani Afrika.

Kwenye Orodha Nyekundu ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa mazingira, yumo katika daraja la walio hatarini mno kutoweka, hatua moja tu kabla ya kutoweka porini.

Hill ni nani? Ni kilima?

Hapana. Ni jina la mtu: John Edwards Hill, mtaalamu wa mamalia wa Uingereza aliyeshughulika sana na popo. Popo wa kwanza alipatikana Uwinka, ndani ya Nyungwe, mwaka 1964, na Mswisi Villy Aellen akamweleza rasmi kama spishi mpya mwaka 1973.

Hapa wanafunzi hujikwaa mara mbili. Kwanza, kuna popo mwingine, Rhinolophus hillorum, ambaye jina linafanana lakini ni spishi tofauti. Pili, popo wa Ruwenzori, ndugu wa karibu wa huyu wetu, alielezwa mwaka 1942 na J. Eric Hill wa Marekani, ambaye ni mtu mwingine kabisa. Unapoandika ripoti, andika jina la kisayansi kwa ukamilifu ili msomaji asipotee.

Ni kweli alikuwa ametoweka?

Hakuwa ametoweka, alikuwa haonekani. Baada ya mwaka 1981 hakuna aliyemshika wala kumthibitisha kwa muda wa karibu miaka 40. Shirika la Bat Conservation International lilianza kumtafuta Nyungwe mwaka 2013 na halikumpata. Januari 2019 shirika hilo, pamoja na Bodi ya Maendeleo ya Rwanda (RDB), walinzi wa hifadhi na Rwanda Wildlife Conservation Association, lilirudi msituni kwa siku 10 na usiku 10. Katika timu hiyo alikuwamo Paul Webala wa Chuo Kikuu cha Maasai Mara, Kenya. Popo wawili wakanaswa.

Habari ilitangazwa mwaka 2022, na watu wengi huuliza kwa nini wakasubiri miaka mitatu. Jibu ni kwamba uso wa popo si kitambulisho. Ilibidi Jon Flanders wa shirika hilo alinganishe vipimo na vielelezo vichache vya zamani vilivyohifadhiwa kwenye makumbusho, ili isije ikawa ni ndugu yake wa karibu. Tunaona walifanya vyema kungoja. Tangazo la haraka likija kukanushwa, watu huacha kuamini hata yale ya kweli yanayofuata.

Nitamtambuaje?

Kwa macho tu, gizani, huwezi. Ila unaweza kujua kama uliyemwona anastahili kuchunguzwa zaidi.

Tazama masikio: ni makubwa mno kwa kichwa chake, yana ncha, na hayana kile kijiulimi cha ngozi kinachosimama mbele ya tundu la sikio kwa popo wengi wengine wala wadudu. Kisha tazama pua, ambayo ina sehemu tatu. Ya chini ni kiatu cha farasi chenyewe, ngozi pana iliyolala bapa juu ya mdomo na kuzunguka matundu ya pua. Katikati huchomoza kijibamba mfano wa kishikio cha tandiko. Juu, kuelekea paji la uso, husimama ncha kama mkuki. Kwa popo wa Hill na ndugu zake kiatu hicho ni kipana kiasi cha kufunika mdomo wa juu, na ukimtazama kwa mbele utadhani uso mzima ni pua na masikio.

Ndugu hao ni kundi dogo linaloitwa kundi la maclaudi. Rhinolophus maclaudi na R. ziama wako Afrika Magharibi, R. ruwenzorii, R. kahuzi na R. willardi wako kwenye milima ya Bonde la Ufa la Albertine, na hawa wawili wa mwisho walielezwa mwaka 2013 tu. Kwa hiyo picha ya popo mwenye masikio makubwa iliyopigwa upande wa Kongo si ushahidi wa popo wa Hill hata kidogo. Uthibitisho unataka vipimo vya kigasha, upana wa kiatu cha pua, umbo la fuvu na meno, na siku hizi vinasaba.

Pua ile ina kazi gani?

Popo wengi hutoa kwa mdomo sauti ya mwangwi, ile inayowasaidia kutambua vitu gizani. Huyu huitoa kwa pua. Mikunjo ile huikusanya sauti na kuielekeza mbele, kama kioo cha tochi kinavyokusanya mwanga, huku masikio yakichezacheza, moja mbele jingine nyuma, yakipokea kinachorudi.

Sauti yenyewe ni mlio mrefu wa masafa yasiyobadilika, wenye mpando mfupi mwanzoni na mshuko mfupi mwishoni. Manufaa yake ni haya: majani yaliyotulia hurudisha mwangwi uliotulia, lakini nondo anayepiga mabawa hurudisha mwangwi unaometameta. Hivyo popo anamtenga nondo na jani hata kwenye kichaka kizito ambako popo wengine wangechanganyikiwa. Akiwa anaruka kwenda mbele, mwendo wake mwenyewe hupandisha masafa ya mwangwi. Naye huteremsha mlio wake kwa kiasi kilekile ili mwangwi urudi pale pale sikio lake linapopokea vizuri zaidi. Hufanya hesabu hiyo mlio kwa mlio, usiku kucha.

Wako wangapi?

Wachache, na katika eneo dogo. Hakuna hesabu ya vichwa inayostahili kuaminiwa, na ukikutana na tarakimu kamili mahali popote uliza imepatikana kwa njia gani. Kinachojulikana ni hiki: baada ya mwaka 2019 walinzi wa hifadhi walitega vinasa sauti kwa miezi tisa, vikakusanya takriban faili 250,000. Sauti ya popo wa Hill ilipatikana katika maeneo manane, yote yakiwa karibu karibu.

Anaishi vipi, anakula nini?

Amepatikana kwenye msitu wa milimani wenye baridi na unyevu. Uwinka, alikopatikana wa kwanza, ni karibu mita 2,450 juu ya usawa wa bahari. Popo wa jenasi hii wana mabawa mapana, huruka polepole na kwa ustadi chini ya matawi, wakikamata nondo na mbawakawa. Wengi hujitundika tawini na kungoja windo lipite. Mchana huning'inia kwa miguu wakiwa wamejifunika mabawa kama kanga, mapangoni, kwenye mashimo ya miti mikubwa au mahandaki.

Jambo moja huamua mengi: miguu yao ni dhaifu kwa kutambaa. Popo wa darini anaweza kujipenyeza kwenye ufa, huyu hawezi. Anahitaji mlango wa kuingia akiwa anaruka.

Jike huzaa mtoto mmoja kwa mwaka. Ana chuchu mbili za ziada karibu na nyonga zisizotoa maziwa, ambazo mtoto huziuma ili asianguke mama anaporuka. Kwa uzazi wa namna hiyo, majike kumi wakifa kwenye pango moja pengo lake haliwezi kuzibwa msimu unaofuata.

Ni nini kinachomhatarisha, maana msitu sasa ni hifadhi?

Nyungwe ulianza kulindwa kama msitu wa akiba mwaka 1933, ukawa hifadhi ya taifa miaka ya 2000, na mwaka 2023 ukaingia kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO. Eneo lake ni zaidi kidogo ya kilomita za mraba 1,000. Ulinzi huo ni wa kweli, nasi tunaushukuru. Lakini mnyama anayetegemea kipande kidogo ndani ya msitu huo hahitaji msitu wote uangamie ili apotee.

Moto ndio unaotutia hofu kuliko vyote. Mara nyingi chanzo ni moshi wa kurina asali ulioachwa haujazimwa vizuri. Mwaka 1997, mwaka wa ukame, moto uliteketeza sehemu kubwa ya Nyungwe. Baada ya moto hauoti msitu, unaota ugagani, yaani kangaga wa porini (Pteridium). Huu hufunga kivuli kizito kiasi kwamba mche wa mti haupati mwanga, na ukikauka unakuwa kuni za moto unaofuata. Sehemu iliyoungua inaweza kukaa hivyo miongo. Dawa yake ni kazi ya mikono: kufyeka ugagani kuzunguka miche iliyojiotea yenyewe na kurudia tena na tena mpaka miche iupite kwa urefu. Ukifyeka mara moja ukaondoka umepoteza nguvu zako bure, kwa sababu mashina ya ugagani yamelala ardhini na huchipua upya.

Linalofuata ni uchimbaji wa dhahabu. Uliacha mahandaki ambayo popo wanaweza kuyatumia, na ndiyo hayohayo ambayo wachimbaji haramu huyarudia. Kundi la popo likishtuliwa mchana mara kadhaa huhama, na hakuna uhakika kwamba watapata penginepo.

Kuna pia ukataji wa miti, mitego ya kamba inayoleta watu msituni, mwanga kandokando ya barabara ya Huye–Rusizi inayokatiza hifadhi, na joto linalopanda. Anayeishi juu ya mlima akisogea kufuata baridi hufika kileleni. Mlima mrefu kuliko yote Nyungwe, Bigugu, una mita 2,950 tu.

Kwa nini mnasisitiza kumsikiliza badala ya kumkamata?

Kwa sababu kumkamata ni kumsumbua, na kwa mnyama adimu kiasi hiki kila usumbufu una gharama. Kabla ya 2019 hapakuwa na njia nyingine, maana hakuna aliyekuwa amewahi kuurekodi mlio wake. Wale wawili walirekodiwa, na tangu hapo mlio ukawa ndio kitambulisho. Hayo ndiyo matunda makubwa kuliko yote ya msafara ule, kuliko hata zile picha zilizosambaa.

Kinasa sauti kinategwaje?

Sikio la mtu huishia kilohezi 20, na popo hulia juu ya hapo. Kinasa lazima kipime sauti angalau mara mbili ya masafa ya juu unayoyataka. Kwa hiyo kiweke kwenye sampuli, yaani vipimo vya sauti, 256,000 kwa sekunde, nacho kitafika kilohezi 128. Kwa Nyungwe inatosha.

Hesabu kadi kabla ya kutoka. Kwa biti 16, sekunde moja ni kilobaiti 512, na saa 12 mfululizo ni takriban gigabaiti 22. Ndiyo sababu kinasa huwekwa kijiwashe kwa sauti yenyewe. Usiweke kizingiti cha kujiwasha juu mno, kwa kuwa popo wenye pua ya kiatu cha farasi wana mlio mwembamba unaoelekea mbele tu, na akipita akiwa amekupa kisogo kinasa hakitaamka.

Maikrofoni ikae juu ya mita 2 kutoka ardhini, kwenye mlingoti au shina jembamba, mahali ambapo msitu unajifungua kidogo: kando ya njia, juu ya kijito kidogo, mbele ya mdomo wa pango. Majani yasiwe karibu kwa mita moja na nusu. Kaa mbali na maporomoko, kwa kuwa maji yanayoanguka yana kelele inayopanda mpaka masafa ya popo. Elekeza maikrofoni mlalo au chini kidogo ili mvua isiingie. Rwanda jua huzama saa 12 jioni au karibu na hapo mwaka mzima, kwa hiyo washa saa 11 na nusu jioni na uzime saa 12 na nusu asubuhi.

Kinachoharibu kazi Nyungwe ni unyevu. Maikrofoni iliyolowa haifi mara moja. Hupoteza usikivu polepole, nawe unarudi na faili nyingi zisizo na popo ukadhani eneo ni tupu. Ijaribu kila unapobadilisha betri kwa kupikicha funguo au kusugua vidole karibu nayo na kutazama kama mchoro unaonyesha kelele za masafa ya juu. Weka mfuko mdogo wa jeli ya silika ndani ya kasha na uubadilishe kila ziara. Pakia betri zaidi ya unazodhani unazihitaji, kwa kuwa baridi ya usiku huzinyonya.

Ukifungua rekodi kwenye kompyuta, tafuta umbo la pini ya stepla iliyosimama kwa miguu yake: mguu mfupi, mgongo mrefu ulionyooka, mguu mfupi. Hilo ni jamii ya kiatu cha farasi. Kisha soma masafa ya ule mgongo, kwa kuwa ndiyo yanayotenganisha spishi. Popo wakubwa wa kundi la maclaudi hulia chini kuliko wengi wa jenasi yao. Programu za kuchuja zinasaidia kutupa mvua na panzi. Kwa faili 250,000, ukizisikiliza sekunde 10 kila moja bila kulala, utamaliza baada ya siku 29. Lakini zile zinazodaiwa kuwa za popo wa Hill lazima jicho la mtu mwenye uzoefu lizipitie moja baada ya nyingine. Programu ambayo haijawahi kufundishwa mlio wa spishi fulani haisemi "sijui", hutoa jina la spishi iliyo karibu.

Na ikibidi kumkamata?

Hiyo ni kazi ya watu wenye kibali, waliofunzwa, na waliochanjwa kichaa cha mbwa kabla ya kuanza. Nyavu za nyuzi nyembamba zinazotumiwa kwa ndege popo hawa huzigundua na kuzikwepa. Mtego wa kinubi hufanya kazi vizuri zaidi: fremu mbili zenye nyuzi za nailoni za wima zilizoachana takriban sentimita 2.5. Popo huigundua safu ya kwanza, hujipinda apite katikati ya nyuzi, hugonga ya pili na kuteleza kwenye mfuko ulio chini.

Mtego haulazwi bila mtu. Usiku wa Nyungwe ni wa baridi, na popo aliyelowa kwenye mfuko kwa saa moja anaweza kufa. Mvua ikianza, funga. Aliyepatikana hupimwa kigasha kwa kalipa, hupimwa uzito ndani ya mfuko wa kitambaa, hupigwa picha za pua kwa mbele na kwa ubavu, huchukuliwa sampuli ndogo ya ngozi ya bawa, hurekodiwa sauti, kisha huachiliwa palepale. Jike mwenye mimba au mtoto huachiliwa kwanza, hata kama vipimo havijakamilika.

Nimekuta popo kwenye handaki au pango. Nifanye nini?

Toka kwa njia uliyoingilia, bila kuwamulika. Usipige picha ya flashi. Usikae hata "dakika moja tu", kwa kuwa popo akishtuka huanza kutumia akiba ya nguvu aliyokusudia kuwindia usiku. Nje, nakili mahali kwa GPS ya simu, tarehe, saa na idadi ya kukisia, ukawape walinzi wa hifadhi. Usiweke mahali hapo kwenye mitandao.

Aliyeingia pango moja asiende jingine na matope yaleyale. Osha viatu na vifaa mpaka udongo wote utoke, kisha vile vinavyostahimili vizamishe kwenye maji ya nyuzi 55 za selsiasi kwa dakika 20. Ukungu uliowaua mamilioni ya popo Amerika Kaskazini unaweza kusafiri kwenye viatu vya watu.

Handaki la hatari likihitaji kufungwa, lisifukiwe kabla ya kukaguliwa jioni popo wanapotoka. Geti lenye pau za mlalo zilizoachana takriban sentimita 15 humzuia mtu na kumpitisha popo. Wavu wa waya au pau za wima zilizobanana humfungia ndani afe, kwa sababu, kama tulivyosema, huyu hapenyi, huruka.

Si ndio hawa walioleta Marburg?

Hofu hii ina msingi, basi tuijibu kwa makini. Rwanda ilitangaza mlipuko wa Marburg, homa kali ya virusi, Septemba 2024, ukatangazwa kumalizika Desemba mwaka huohuo. Chanzo kilihusishwa na popo walaji matunda ndani ya pango la machimbo. Popo anayejulikana kuhifadhi virusi vya Marburg ni Rousettus aegyptiacus, ambaye ana uso kama wa mbwa mdogo, macho makubwa, pua isiyo na kiwambo, na hukaa mapangoni kwa maelfu. Popo wa Hill si huyo.

Hata hivyo hatusemi popo wengine ni salama kushikwa. Popo wa jenasi ya Rhinolophus hubeba virusi vyao. Kanuni ni moja kwa wote: usiwashike, usiwale, usiingie wanamolala. Na kuwaua au kuchoma mapango kunaongeza hatari: waliobaki hutawanyika, watu hugusa damu na mizoga, na wadudu wanaokula mazao huongezeka.

Popo ameniuma au amenikwaruza.

Osha jeraha mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili kwa saa, kisha nenda kituo cha afya siku hiyohiyo, hata kama jeraha ni dogo kama tundu la sindano. Meno ya popo mdogo huacha alama isiyoonekana. Chanjo ya kichaa cha mbwa baada ya kuumwa hutolewa kwa awamu, kuanzia siku ya kwanza, na mhudumu atakupa tarehe zinazofuata. Usiruke hata moja. Dalili zikishaanza, ugonjwa huo karibu kila mara huua. Ukipata homa baada ya kuingia pangoni, mwambie mhudumu habari ya pango kabla hujaulizwa.

Kuna popo darini kwangu. Anaweza kuwa yeye?

Karibu haiwezekani. Hao ni popo wa kawaida wanaopenda mabati na nyufa. Ukitaka waondoke, usitumie sumu wala moshi. Tazama jioni wanatokea tundu gani. Ziba matundu mengine yote yaliyozidi sentimita 1, kisha ning'iniza kipande cha wavu laini juu ya tundu kuu, kimefungwa juu na pembeni, kikining'inia sentimita 50 chini yake. Watatoka kwa kuteleza chini, wakirudi hawataiona njia. Baada ya usiku 5 hadi 7 ziba. Usifanye hivyo wakati kuna watoto wasioruka, la sivyo watafia ndani na nyumba itanuka.

Nimemkuta popo ameanguka chini.

Usimwokote kwa mkono mtupu. Mfunike kwa kisanduku, telezesha karatasi ngumu chini yake, mpeleke kwenye kivuli juu ya tawi au ukuta wa mawe anakoweza kujitundika, kwa kuwa wengi hawawezi kuruka kutoka ardhini. Kama ana masikio makubwa na pua tuliyoieleza na uko ndani au kandokando ya Nyungwe, mpige picha bila flashi, kwa mbele na kwa ubavu, uwaite walinzi. Hata akiwa amekufa usimtupe: mwili huo una thamani kwa sayansi, ila wahifadhi ndio wa kuuchukua.

Mgeni anaweza kumwona?

Hapana, na hakuna ziara ya kumtafuta. Maeneo manane hayatangazwi. Daraja linaloning'inia la Uwinka litakupitisha juu ya msitu anamoishi.

Kwa nini asifugwe na kuzalishwa?

Popo wa aina hii ni wagumu kufuga: huzoea kuwinda wakiruka, husononeka haraka, na huzaa mmoja kwa mwaka. Kuwaondoa wachache kutoka kundi dogo ni kulipunguza kundi hilo kwa hakika, kwa matumaini ya faida isiyo na hakika.

Nataka kumtafiti. Naanzia wapi?

Kibali cha utafiti Rwanda hutolewa na Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, na cha kuingia hifadhini hutoka RDB. Tangu 2020 Nyungwe inaendeshwa kwa ubia wa RDB na shirika la uhifadhi la African Parks, kwa hiyo ratiba ya kazi ipange na usimamizi wa hifadhi. Sampuli za kupelekwa nje zinahitaji kibali chake. Andika mapema, na onyesha kwenye ombi kama swali lako linajibika kwa sauti pekee. Likijibika hivyo, usiombe kukamata.

Naishi kando ya hifadhi. La kufanya ni lipi?

Mizinga iwe nje ya msitu, na unaporina asali nenda na kinyunyizio cha moshi chenye kifuniko pamoja na ndoo ya maji, uyamwage yote kwenye majivu na uyashike kwa mkono uhakikishe yamepoa kabla hujaondoka. Ukiona moshi msituni, piga simu kwa walinzi kwanza, kisha ndipo uwaite jirani. Taa ya nje ya nyumba inayotazama msitu igeuzwe itazame chini, au izimwe usiku unapoingia. Unaponyunyizia dawa shambani karibu na mpaka, fanya asubuhi na si jioni, kwa kuwa nondo aliyegusa dawa jioni ndiye atakayeliwa usiku. Na mti mzee wenye tundu kwenye shamba lako, kama hauangukii nyumba, uache usimame.